Pinyo imevunjika: tafuta moduli kwanza, kereza baadaye

Pinyo (magurudumu ya meno) nyingi zinazoingia kwenye atelye za Lubumbashi, za mashine za kusaga mahindi au za kukorogea zege, huja bila karatasi wala namba. Fundi anapewa kipande chenye meno mawili yaliyokatika, anaambiwa atoe nyingine kama hiyo. Kwa pinyo ya meno yaliyonyooka hilo linawezekana, maana vipimo vyake karibu vyote vinatoka kwenye namba mbili: idadi ya meno, Z, na moduli, m, yaani ukubwa wa jino: milimita za kipenyo cha kati (cha duara linalopita katikati ya meno) kwa kila jino. Meno unayahesabu, pamoja na yaliyokatika. Shida iko kwenye moduli.

Pima kipenyo cha nje kwa kalipa (kipimio cha taya mbili), kigawe kwa Z + 2. Tuseme meno ni 28 na kalipa inasoma 89.8 mm. 89.8 ÷ 30 = 2.99, basi moduli ni 3. Kingepaswa kuwa 3 × 30 = 90, hizo sehemu mbili za kumi zilizopungua zimelika. Meno yakiwa 23, au idadi yoyote isiyogawanyika kwa mbili, hakuna jino linalotazamana na jingine, na kalipa itasoma pungufu. Hapo pima kutoka ukingo wa tundu la katikati hadi ncha ya jino, zidisha kwa 2, kisha jumlisha kipenyo cha tundu.

Ukipata 3.17, usiilazimishe kuwa 3 wala 3.25. Hiyo ni pinyo ya inchi: 25.4 ÷ 3.175 = 8, yaani meno 8 kwa kila inchi ya kipenyo cha kati. Ya moduli 3 ukiifunga pale, itapiga kelele siku chache na kula mwenzake.

Pembe ya mgandamizo, yaani mwelekeo ambao meno husukumana, nayo ijulikane. Siku hizi ni 20°, lakini mashine za zamani zina 14.5°. Bana meno 3 kwa kalipa, kisha meno 4, halafu toa. Kwa moduli 3, tofauti ya 8.86 mm ni 20°, ya 9.12 ni 14.5°. Uzuri wa njia hii ni kwamba meno yakiwa yamelika sawasawa, uchakavu unajifuta kwenye kutoa.

Sasa vipimo. Kipenyo cha kati ni m × Z, kwa mfano wetu 3 × 28 = 84 mm. Cha nje, ambacho ndicho unachokereza, ni m × (Z + 2) = 90. Kwenye mashina ya meno ni m × (Z − 2.5) = 76.5. Kina cha kukata ni 2.25 × m = 6.75. Linganisha na sanduku lenyewe: kama pinyo mwenzake ina meno 56, umbali kati ya shafti mbili ni 3 × (28 + 56) ÷ 2 = 126 mm. Ukikuta 127, meno yalisogezwa kiwandani na hesabu hizi hazitoshi, usikate bado.

Kwenye seti ya fraizi (visu vya kuzunguka vya kukatia meno) 8 za moduli, namba 5 hukata meno 26 hadi 34. Seti za inchi huhesabiwa kinyume: meno hayohayo ni namba 4. Soma kilichochongwa kwenye fraizi, usiamini kisanduku.

Divizeri (kifaa cha kugawa duara) ya 40 kwa 1, ambayo mpini ukizunguka mara 40 pinyo inazunguka mara 1: 40 ÷ 28 ni mzunguko 1 na 3/7, yaani mzunguko mmoja na nafasi 9 kwenye duara la matundu 21. Hesabu nafasi. Tundu ambamo pini imekaa halihesabiwi. Ukilihesabu, kila hatua inapungua kidogo bila wewe kuona, na jino la mwisho linatoka nene karibu mara tatu. Wengi hugundua hapo, chuma kimeshaharibika.

Usizamishe 6.75 yote kwa mara moja. Karibu na mwisho, pinyo ingali kwenye mandreli (shafti inayoishikilia wakati wa kukata), bana meno 4. Kwa moduli 3, meno 28 na 20°, hesabu inatoa 32.17 mm, punguza kama 0.1 ili meno yapate nafasi ya kucheza, lengo liwe 32.07. Kalipa ikisoma 32.27, zamisha fraizi 0.3 zaidi, kwa kuwa kila 0.1 ya unene inataka takriban 0.15 ya kina.