Kupanga skrini ya Godot unapojifunza kutengeneza gemu: laptopu ndogo inatosha kabisa

Wakuu habari, naona vijana wengi wanaanza Godot (programu ya kutengeneza gemu) vizuri tu alafu wanachoka wiki za mwanzo, na ukikaa nao unakuta shida haiko kwenye skripti (msimbo unaouandika), shida ni kwamba hawaoni kinachotokea. Vidio ya somo imekula nusu ya skrini, skripti imebanwa pembeni, gemu ikirani (ikianza kucheza) inafunika kila kitu. Yani unabadilisha namba huku gemu huioni, ni kama kupika huku sufuria iko chumba kingine. Unapojifunza, skripti, gemu na thamani zinazobadilika ndani yake ndo vitu vya kupewa nafasi, vingine vyote visubiri.

Hapa natumia Godot 4.4, laptopu ya skrini ya pikseli 1366 kwa 768 maana ndo tulizonazo wengi. Mwenye 1920 kwa 1080 fuata hivyohivyo, utapumua zaidi.

Hatua ya 1: toa vidio kwenye laptopu

Somo liangalie kwenye simu, isimamishe pembeni ya kibodi. Angalia kipande, simamisha, andika mwenyewe, rani, ndo uendelee. Vidio ikiwa pembeni ya skripti kwenye skrini hiyohiyo mkono unaanza kunakili tu bila kichwa kuhusika, na nafasi ya gemu inaisha.

Kingine ambacho wengi hawakijui, maelezo rasmi ya Godot yako ndani ya editor (dirisha la Godot unalofanyia kazi) yenyewe na hayahitaji bando. Bonyeza F1 utafute neno, au shika Ctrl alafu kliki juu ya neno kama move_and_slide kwenye skripti yako, maelezo yake yanafunguka palepale. Kwahiyo brauza funga kabisa, hata RAM itakushukuru.

Hatua ya 2: ukubwa wa maandishi

Ingia menyu ya Editor, Editor Settings, tafuta Display Scale na Code Font Size. Skrini ndogo acha scale 100%, punguza maandishi ya skripti kidogo mpaka pale unaposoma bila kuinama. Usipunguze kupita hapo, macho yakichoka na wewe umechoka.

Hatua ya 3: paneli

Godot ikifunguka mara ya kwanza, Scene (mti wa nodi, yani vipande vinavyounda gemu) iko juu kushoto, FileSystem (faili za projekti) chini yake, Inspector (thamani za nodi uliyochagua) kulia. Kwenye skrini fupi huo mgawanyo wa kushoto unabana, mti wa nodi unaona mistari michache tu. Shika kichupo cha FileSystem na maus ukiburute mpaka juu pembeni ya kichupo cha Scene, vikae pamoja, sasa Scene inapata urefu wote wa skrini. Faili unazigusa mara chache, mti wa nodi unaugusa kila saa.

Inspector iache kulia peke yake, ila ipunguze upana. Paneli ya chini (Output, Debugger) ifunge, utaifungua ukihitaji. Ukiwa kwenye skripti bonyeza Ctrl na \ kuficha ile orodha ya skripti ya kushoto, na ukitaka kuandika kwa utulivu bonyeza Ctrl+Shift+F11, paneli zote zinapotea, ukibonyeza tena zinarudi. Kuhama haraka: Ctrl+F1 ni 2D, Ctrl+F3 ni Script. Hizo mbili zikae vidoleni mapema.

Hatua ya 4: gemu ikae wapi

Projekti mpya ya Godot 4 inafungua dirisha la 1152 kwa 648. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768 hilo limemaliza kila kitu. Toka 4.4 kuna sehemu inaitwa Game pale juu karibu na Script, kama uko Windows au Linux ingia hapo, fungua menyu ya vidoti vitatu, washa Embed Game on Next Play, alafu ile ya Make Game Workspace Floating on Next Play izime. Sasa ukibonyeza F5 gemu inacheza katikati ya editor, Scene kushoto na Inspector kulia bado unaziona.

Kama toleo lako ni la zamani, ingia Project Settings, washa Advanced Settings, kwenye Display, Window weka Window Width Override 576 na Height Override 324, na Stretch Mode iwe canvas_items ili picha ipungue badala ya kukatwa. Pia washa Always on Top. Dirisha dogo linakaa kona moja, skripti unaiona.

Hatua ya 5: hapa ndo penyewe

Tengeneza nodi ya CharacterBody2D (mwili wa mchezaji) iite Mchezaji, chini yake weka nodi ya Sprite2D yenye picha yoyote na ya CollisionShape2D (umbo la kugongana), alafu weka skripti hii:

```
extends CharacterBody2D

@export var kasi := 300.0

func _physics_process(_delta):
    velocity.x = Input.get_axis("ui_left", "ui_right") * kasi
    move_and_slide()
```

Rani. Gemu ikiwa inacheza angalia juu ya paneli ya Scene, vimetokea vitufe viwili, Remote na Local. Kliki Remote. Huo mti unaouona sasa ni wa gemu iliyo hai, sio wa faili. Kliki Mchezaji, Inspector inaonyesha thamani zake za sekunde hiyohiyo, shika mshale wa kulia uone position inavyopanda. Sasa badilisha kasi kutoka 300 kwenda 600 bila kuzima gemu. Kwa 300 mchezaji anavuka dirisha la 1152 kwa karibu sekunde 4, kwa 600 ni chini ya 2, na unaliona kwa macho palepale. Mwanafunzi akifika hapa ndo anaelewa kwamba kasi ni pikseli kwa sekunde, hata kama mwalimu hajamwambia.

Angalizo: ulichobadilisha kwenye Remote kinapotea ukizima gemu kwa F8. Ukipata namba unayoipenda, iandike, zima, rudi Local ukaiweke kwenye Scene yako na usevu.

Hatua ya 6: sevu mpangilio

Editor, Editor Layout, Save Layout, upe jina. Mimi nashauri miwili tu, "kuandika" wenye paneli nyembamba na "kuchunguza" wenye Scene na Inspector pana. Ukivuruga kitu unarudi kwa kliki moja, na Default ipo palepale.

Hatua ya 7: una TV?

Waya wa HDMI, bonyeza Windows+P, chagua Extend. Hakikisha Single Window Mode imezimwa kwenye Editor Settings, ikiwa imewashwa madirisha hayatoki nje ya editor. TV iwekee somo na maelezo, simu ipumzike. Gemu yenyewe ibaki kwenye laptopu, kwasababu TV nyingi zinachelewesha picha kidogo zinapoisafisha, unabonyeza kuruka na mchezaji anachelewa, alafu unaanza kutafuta kosa kwenye skripti ambayo haina kosa. Kama lazima gemu iende TV, washa kwanza Game Mode kwenye mipangilio ya TV, zima ile Embed Game on Next Play ya hatua ya 4, ndo uingie Editor Settings, Run, Window Placement, pale kwenye Screen uchague skrini ya pili.