Mwanza hadi Ndabaka na watoto: kuwaona ndege wa ziwa mkiwa garini

Njia yote ni lami: Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, hadi lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, karibu kilomita 140. Mkienda, ziwa liko kushoto, hivyo watoto wakae upande huo. Ondokeni saa 12 asubuhi, kabla joto halijawafukuza ndege kwenda kivulini. Jua litampiga dereva usoni, kwa hiyo kioo cha mbele kioshwe usiku wa kuamkia safari, ndani pia. Ule ukungu wa vumbi la ndani ndio unaopofusha.

Gari ndilo maficho yenu. Furukombe, tai mla samaki, aliyetua mtini huvumilia gari lililosimama, lakini mlango ukifunguliwa tu, anaruka. Washeni indiketa mapema, toeni gari lote nje ya lami, zimeni injini, teremsheni kioo nusu, kisha subirini dakika kumi kimya. Injini ikinguruma, darubini hutikisika. Ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42) inatosha. Za kukuza zaidi hucheza mno mikononi mwa mtoto. Kunjeni khanga juu ya ukingo wa kioo, aiegemeze hapo.

Kwenye daraja la Mto Simiyu msiegeshe kabisa. Vukeni kwanza, mtafute sehemu pana. Hapo mtazameni mdiria mweusi na mweupe: husimama hewani akipiga mbawa kwa kasi, kichwa hakisogei hata kidogo, halafu hujitupa majini mdomo ukitangulia. Akikosa samaki, hurudia palepale, kwa hiyo msiondoke upesi.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, msiingie njia za udongo mweusi wa mbuga. Juu huonekana mkavu, ila gamba likipasuka, tope hujaa kwenye kashata za tairi na tairi jipya linakuwa kama kipara. Kukanyaga mafuta huzidi kulizamisha.

Ufukweni, watoto wasichezee maji yaliyotulia kwenye matete: kuna kichocho, na mamba huvizia humo. Kiboko akiwa nchi kavu, msikae kati yake na maji.

Mkitaka kuingia Ndabaka, andaeni kadi au malipo ya simu. Fedha taslimu hazipokelewi. Msiwape nyani chakula, wala msiache ndizi karibu na dirisha lililo wazi.

Geuzeni saa 8 mchana. Mkichelewa, jua la magharibi litawakabili tena, na ng'ombe watakuwa wanavuka barabara kurudi zizini.