Jinsi ya kujua yanayoendelea kwenye maisha ya kijana wako

Wazazi wenzangu, mengi mnayoyajua kuhusu mtoto wa miaka 13 mpaka 17 mnayajua kwa sababu yeye mwenyewe kaamua kuwaambia. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti walioufanya Sweden kwa vijana 703 wa miaka 14 na wazazi wao, wakaangalia mzazi anapata wapi habari: mtoto kusema mwenyewe, mzazi kuulizauliza, au mzazi kubana na masharti. Iliyoongoza ni hiyo ya kwanza. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumfanya aone kwamba kukwambia wewe hakumletei balaa.

Anza na mdomo wako. Kijana huwa hakuletei jambo lenyewe, anatanguliza kadogo akupime. Utasikia "kuna mtu darasani kwetu kakamatwa na sigara", halafu kimya, anakucheki usoni. Ukirukia "ndo marafiki zako hao?" basi imeisha hiyo, na lile kubwa lililokuwa nyuma yake hulipati tena. Sema "ehee, ikawaje?" halafu nyamaza, hata kama moyo unaenda mbio, nyamaza kweli mpaka aendelee mwenyewe. Kukanya utakanya tu, ila sio dakika hiyo, kesho ipo.

Usimkalishe kwenye kiti mkatazamana, hapo anajiona yuko kituo cha polisi. Ongeeni mikono ikiwa na kazi, mnaosha vyombo, mnatembea, mko kwenye gari, yaani pale ambapo halazimiki kukuangalia machoni. Na usiku msiupuuze jamani, umri huo homoni ya usingizi inachelewa kutoka kwa hiyo saa nne wewe unasinzia yeye ndo kwanza anachangamka, anakuja anasimama mlangoni kwako anachezea kitasa anauliza kitu hakina kichwa wala miguu. Weka simu chini, msogezee nafasi akae. Mara nyingi ndo hapo panapotoka neno.

Ukiuliza "shule vipi?" utajibiwa "poa", ndo mwisho wa habari. Uliza kitu chenye jina, mfano yule rafiki yake waliyenuniana wiki iliyopita, wameshapatana? Hii inataka uwe unakumbuka majina ya watu wake, na kwa kweli hakuna njia ya mkato.

Halafu tunze siri, hapa wengi wetu ndo tunaharibu. Mtoto kakwambia kuna mtu anampenda, wewe unampigia shangazi yake, shangazi anakuja kumtania mbele za watu, hapo usitegemee kusikia kitu kingine. Kama jambo ni zito na lazima mtu mwingine ajue, mwambie yeye kwanza.

Marafiki zake waruhusu waje nyumbani, wasalimie, wape chakula, usikae katikati yao. Kuuliza anaenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi ni haki yako na uendelee nayo, ila usidhani hayo majibu ndo maisha yake.

Simu sasa. Programu za kumpeleleza kwa siri mimi siziungi mkono, akigundua anafungua akaunti nyingine usiyoijua na imani inakuwa imekufa. Instagram na TikTok zinataka mtu awe na miaka 13, kwa hiyo siku ile ile anayofungua akaunti kubalianeni wazi kabisa nini utaangalia na nini hutagusa.

Ila kuna dalili hazisubiri: anajikatakata, anazungumzia kufa, kuna mtu mzima anamwomba picha au anamtumia pesa, au anatishiwa kwamba picha zake zitasambazwa. Hapo ingia, na mwambie umeingia na kwa nini. Meseji za huyo mtu usizifute hata zikikutia kinyaa, piga skrinishoti ukaripoti, na usimlaumu mtoto. Kama ni habari za kufa, muulize moja kwa moja "unafikiria kujiua?", kuuliza hakumtii wazo kichwani, na akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu yake na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.