Jinsi ya Kuwafundisha Watoto Kuhusu Walrasi na Wanyama Wengine wa Bahari za Baridi

Watoto wengi wa Afrika Mashariki huijua bahari kuwa maji ya vuguvugu, na anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna bahari ambayo uso wake huganda hadi watu wakapita juu yake kwa miguu huwa haamini. Somo la walrasi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya sili (mamalia wa baharini wenye miguu iliyo kama mapezi) mwenye pembe mbili zinazoshuka kutoka mdomoni, ni vyema lianze na hiyo hali ya kutoamini. Walimu wengi huanza na picha na majina, na watoto huyakariri na kuyasahau. Mimi hushauri kuanza na baridi yenyewe, kwa sababu umbo la mnyama wa huko halieleweki mpaka mtoto ajue ni jambo gani umbo hilo linapambana nalo. Mwongozo huu unawafaa watoto wa darasa la tatu hadi la sita, na huchukua vipindi vitatu au vinne.

Maandalizi

Tafuta ramani ya dunia au tufe, ndoo mbili, barafu ya kutosha, jozi kadhaa za glovu za mpira za ukubwa tofauti, mafuta mgando ya kupikia, chaki, futikamba, beseni la mchanga, makombe machache ya baharini, na bomba la sindano lisilo na sindano. Siku moja kabla ya somo, weka kwenye friza vikombe viwili vya maji, kimoja cha maji matamu na kingine cha maji yaliyokorogwa chumvi nyingi, ukivichungulia mara kwa mara ili uvitoe pale kimoja kitakapokuwa kimeganda na kingine bado.

Hatua ya kwanza: Tenganisha kaskazini na kusini

Vitabu vya picha na katuni huwachanganya watoto kwa kuwaweka ngwini na dubu mweupe juu ya kipande kimoja cha barafu, ilhali wanyama hao hawakutani kamwe katika maisha ya porini. Waonyeshe kwenye ramani kwamba Aktiki, upande wa kaskazini, ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na Antaktika, upande wa kusini, ni bara lililozungukwa na bahari. Walrasi, dubu mweupe, na beluga na narwali, ambao ni aina mbili za nyangumi wadogo, ni wa kaskazini, ngwini ni wa kusini, na nyangumi muuaji hupatikana pande zote mbili. Mtoto mmoja huenda akauliza kama ngwini wote wanaishi kwenye barafu. Hapana: wapo wanaozaliana kwenye fukwe za Afrika Kusini na Namibia, na aina moja huishi katika visiwa vya Galapagos, karibu kabisa na Ikweta.

Waeleze pia kwamba Aktiki ina wenyeji. Wainuiti, Wayupik na Wachukchi wameishi pembezoni mwa bahari hiyo kwa vizazi vingi, na walrasi amewapa nyama, mafuta na ngozi ya kuwambia mitumbwi. Ukiliacha jambo hili, watoto hubaki wakidhani kwamba huko ni jangwa tupu la barafu.

Kisha leta vikombe vyako. Maji matamu huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, lakini maji ya bahari husubiri hadi kama nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Kwa hiyo walrasi anaweza kuogelea ndani ya maji yaliyo baridi kuliko barafu inayoanza kuyeyuka kwenye kikombe cha juisi.

Hatua ya pili: Mkono uonje baridi

Hili ndilo jaribio ambalo singependa mwalimu yeyote aliruke. Paka mafuta mgando kwa wingi ndani ya glovu kubwa, kwenye kiganja na kila kidole, kisha ingiza glovu ndogo ndani yake na ufunge kingo za zote mbili kwa mpira, ili mtoto avae ile ya ndani bila kugusa mafuta. Andaa jozi nyingine vilevile, lakini bila mafuta. Usiiache jozi hiyo ya pili, kwani bila kuwa na kitu cha kulinganisha mtoto atadhani kwamba kinachozuia baridi ni mpira wa glovu. Mtoto atumbukize mikono yote miwili kwa pamoja ndani ya ndoo ya maji na barafu kwa sekunde 30, asizidishe, kisha aseme mwenyewe alichohisi. Usitie chumvi kwenye ndoo hii kwa nia ya kuongeza baridi, kwa kuwa mchanganyiko wa barafu na chumvi hushuka chini kabisa ya sifuri na unaweza kuunguza ngozi ya mtoto.

Baada ya hapo, waambie kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi ya walrasi yanaweza kufikia unene wa sentimita 10. Waache wapime unene huo kwenye rula, kisha waulinganishe na ule wa mafuta yaliyomo kwenye glovu.

Hatua ya tatu: Mchoreni kwa ukubwa wake

Tokeni nje na mchore walrasi sakafuni kwa chaki, urefu wa mita tatu au zaidi kidogo. Dume kubwa la Bahari ya Pasifiki linaweza kufikia kilo 1,700. Watoto wahesabu wenyewe ni magunia mangapi ya mahindi ya kilo 100.

Pembe zake zinahitaji muda zaidi. Dume na jike wote wanazo, na zinaweza kukaribia mita moja. Waambie watoto waguse meno yao wenyewe: pembe za walrasi ni meno ya chonge, na pembe za tembo ni meno ya mbele, ya safu ya juu. Kwa hiyo wanyama hawa wawili, wanaofanana kwa pembe, wamezipata kutoka kwa meno tofauti. Walrasi hazitumii kuchimbia chakula, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani. Huzitumia kujivutia juu ya barafu atokapo majini, kutunza matundu ya kupumulia kwenye barafu, na kupigana au kutishana. Pembe ya narwali nayo ni jino, kwa kawaida chonge la kushoto linalotoboa mdomo wa juu na kukua likijisokota hata kufikia karibu mita tatu.

Hatua ya nne: Chakula cha gizani

Walrasi hula chaza na viumbe wengine wa sakafu ya bahari, mahali penye mwanga hafifu na tope. Fukia makombe ndani ya beseni la mchanga, mfunge mtoto macho kwa kitambaa, na umwombe ayatafute kwa ncha za vidole, akitofautisha kombe na jiwe. Kazi hiyo walrasi huifanya kwa sharubu zake ngumu, ambazo ni kati ya 400 na 700. Akishampata chaza humkaza kwa midomo, kisha huurudisha ulimi nyuma kwa nguvu na kuifyonza nyama, akiliacha gamba. Onyesha hili kwa bomba la sindano: ziba tundu kwa kidole, vuta mchi, na mtoto ahisi kidole kikivutwa. Watoto wa pwani, ambao mama na bibi zao huokota chaza bahari inapokupwa, huchangia sana katika hatua hii, na ni busara kuwaachia nafasi ya kueleza.

Hatua ya tano: Wapange kwa majibu yao kwa baridi

Wanyama waliobaki wasifundishwe mmoja mmoja. Chora safu mbili ubaoni, ya mafuta na ya manyoya, kisha darasa liamue kila mnyama akae wapi. Sili, beluga na narwali watakwenda kwenye mafuta. Fisi-maji wa bahari ya Alaska hana mafuta mazito, lakini manyoya yake ni ya msongamano mkubwa kuliko ya mamalia mwingine yeyote na hushika hewa ndani yake. Dubu mweupe na ngwini wataleta ubishi kwa kuwa wana vyote viwili, na ubishi huo usiuzime upesi. Ongeza swali moja la kufikirisha: kwa nini beluga na narwali hawana pezi la mgongoni? Subiri hadi mtoto aitaje dari ya barafu iliyo juu yao.

Hatua ya sita: Mgeni anayefika kwetu

Nyangumi wa nundu hula krili, viumbe wadogo wanaofanana na kamba, katika bahari ya Antaktika wakati wa kiangazi cha kusini. Kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu, na kati ya Julai na Oktoba huonekana kwenye pwani za Kenya na Tanzania, Watamu ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Wakiwa huku hula kidogo sana au hawali kabisa, wakiishi kwa mafuta ya mwilini. Hapo watoto hutambua kwamba mafuta yale ya glovu ni ghala vilevile, si blanketi tu.

Hatua ya saba: Barafu inayopungua

Lifundishe jambo hili kwa utulivu, bila kuwatisha watoto wadogo. Walrasi hupumzika juu ya barafu iliyo karibu na maeneo ya kina kifupi anakopata chakula, na barafu hiyo inaporudi nyuma hadi juu ya vilindi, hulazimika kupanda nchi kavu. Mwaka 2014 walrasi wapatao 35,000 walikusanyika ufukweni karibu na Point Lay, Alaska. Katika misongamano ya namna hiyo, mshtuko mdogo huweza kulikurupusha kundi zima, na watoto wa walrasi hukanyagwa.

Hatua ya nane: Jaribio la mwisho

Badala ya kuuliza majina, waulize hivi: nguva wa Rufiji, anayekula nyasi za bahari katika maji ya vuguvugu, angehitaji kubadilika vipi ili aishi katika bahari ya baridi? Kila mtoto amchore na aandike sababu ya kila badiliko. Kisha wafichulie kwamba mnyama wa aina hiyo alikuwapo kweli. Mwaka 1741 Georg Steller, mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani, alimkuta katika Bahari ya Bering, kati ya Urusi na Alaska, ndugu mkubwa wa nguva, mwenye urefu wa kama mita nane, ngozi nene na mafuta mengi, akila mwani. Wawindaji walimmaliza kufikia mwaka 1768. Watoto walinganishe michoro yao na maelezo hayo. Unaposahihisha, mpe alama mtoto aliyetoa sababu, hata kama mchoro wake haufanani kabisa na mnyama yule wa Steller.