Jinsi ya kutembelea viwanda vya wiski vya kisiwa cha Islay na kuonja wiski ya kimea

Kisiwa cha Islay, kilichoko magharibi mwa Uskoti, kina wakazi wapatao 3,000 na viwanda vya wiski visivyopungua tisa, na mgeni anayefika huko kwa mara ya kwanza hushawishika kutaka kuvimaliza vyote kwa siku mbili. Asifanye hivyo. Viwanda viwili kwa siku vinatosha, kimoja asubuhi na kingine alasiri, kwa kuwa baada ya glasi ya tano au ya sita pua huchoka, na wiski zinazotofautiana sana huanza kuonekana kuwa kitu kimoja.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Uingereza, na hiyo hiyo ndiyo inayotumika Uskoti. Kutoka Glasgow unaweza kupanda ndege ndogo ya muda usiofika saa moja, au basi hadi bandari ya Kennacraig na kisha feri ya kampuni ya CalMac, ambayo huvuka kwa takriban saa mbili hadi Port Ellen au Port Askaig. Feri humfaa zaidi mwenye mzigo wa chupa, lakini upepo wa Atlantiki huweza kuahirisha safari, hivyo usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile unayotoka kisiwani. Nafasi za ziara zikatwe mapema, hasa mwishoni mwa Mei, wakati tamasha la Fèis Ìle linapojaza vyumba vyote vya wageni.

Suala la kuendesha gari liamuliwe kabla ya glasi ya kwanza. Tangu Desemba 2014 kiwango cha juu cha kilevi kwa dereva wa Uskoti ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, ilhali England ni 80. Viwanda vingi humpa dereva sehemu yake ya kuonja katika vichupa vidogo ili akanywe baadaye. Hata hivyo, kwa maoni yangu njia bora ya kuanza ni ya miguu: kutoka Port Ellen kuna njia ya waenda kwa miguu inayopita kiwanda cha Laphroaig, kisha Lagavulin, na kuishia Ardbeg, mwendo wa kilomita tano au zaidi kidogo kando ya pwani. Laphroaig na Ardbeg huandika mwaka 1815 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwao, na Lagavulin 1816. Ni majirani wa karibu, wote wanatumia moshi, na bado ladha zao hazichanganyiki.

Ili uone tofauti hiyo inatoka wapi, fahamu kwanza kile ambacho sheria ya mwaka 2009 inakitaka. Wiski ambayo lebo yake imeandikwa Single Malt lazima itokane na kimea cha shayiri (shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa) peke yake, ikenekwe, yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe, katika kiwanda kimoja kwa mitungi, ambayo kwa kawaida ni ya shaba, ikae katika mapipa ya mwaloni huko huko Uskoti kwa miaka mitatu au zaidi, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Mengine mengi ni maamuzi ya kiwanda, na ziara nzuri ni ile inayokuonyesha maamuzi hayo yanapofanyika.

Laphroaig, Bowmore na Kilchoman bado huotesha sehemu ya shayiri yao wenyewe sakafuni. Ukipewa nafasi, shika punje na uitafune: shayiri mbichi ni ngumu, ila kimea kilichokauka huvunjika kwa urahisi na kina utamu. Kimea hicho hukaushwa juu ya moto wa piti, yaani udongo wa kinamasi wenye mabaki ya mimea yaliyooza nusu, na moshi wake ndio unaobaki hadi mwisho. Mbele zaidi utakuta mapipa makubwa ya kuchachulia, ambamo hamira hugeuza maji matamu ya kimea kuwa kitu kinachofanana na bia ya asilimia nane au tisa. Usiingize kichwa kwa pupa, kwa kuwa kaboni dioksidi iliyo juu ya povu huchoma pua vikali.

Katika ukumbi wa mitungi ya shaba, tafuta sanduku la shaba ya njano lenye vioo na kufuli, ambalo zamani ufunguo wake ulikaa kwa ofisa wa ushuru. Ndani yake kinywaji kinachotoka mtunguni huonekana kikitiririka, na mhudumu huhamisha mkondo wake kutoka bakuli moja hadi jingine: kinachotangulia hurudishwa, cha katikati huchukuliwa, na cha mwisho, chenye moshi mzito zaidi, nacho hurudishwa. Muulize mwongozaji wako mkondo hukatwa wapi. Hilo ndilo swali lenye faida kuliko yote, na mara nyingi halijajibiwa katika maelezo ya kawaida. Uliza pia kama unaweza kupiga picha, kwa maana mvuke wa kilevi huwaka, na baadhi ya viwanda hukataza simu humo.

Unapoonja, anza na zisizo na moshi, kama Bunnahabhain ya kawaida au Bruichladdich, uende Bowmore, kisha Caol Ila, na umalizie kwa zile tatu za kusini: Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg. Tumia glasi iliyobana mdomoni na umimine kidogo tu. Nusa ukiwa umeachama kidogo na glasi ikiwa mbali na pua, kisha isogeze taratibu. Funda la kwanza huzoesha ulimi, na la pili ndilo la kupima. Halafu ongeza maji matone machache. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji huisaidia guaiakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, kukaa karibu na uso wa kinywaji. Unachokisikia kipe jina kutoka katika harufu unazozijua: ubani, ng'onda, karafuu, iodini ya hospitali, zabibu kavu. Vijitabu vya kiwandani vitakutajia mimea ya Uskoti ambayo hujawahi kuinusa, na huna sababu ya kujifanya unaisikia. Glasi usiyotaka kuimaliza iache, hakuna atakayechukia.

Rangi isikudanganye, maana sheria inaruhusu kuongeza karameli, na umri mkubwa si hakikisho la utamu, kwani pipa lililochoka haliongezi kitu hata likikaa miaka 20. Kwa kununua, chagua chupa inayouzwa kiwandani tu, kwa sababu zile za kawaida utazipata uwanja wa ndege. Ifunge vizuri katika begi la kupakiwa. Kinywaji cha zaidi ya asilimia 70 hakiruhusiwi ndegeni. Forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingiza lita moja ya pombe kali bila ushuru, na chupa ya Uskoti kwa kawaida ni mililita 700, hivyo ukibeba ya pili, itaje mwenyewe kabla ya kuulizwa.