Somo: Gari la michezo la kuunga mwenyewe likisumbua umeme, pima ethi kabla ya kununua kitu

Naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Swali ni lilelile: "Nikiwasha taa kubwa indiketa zinafifia, geji ya joto inapanda, alteneta nimeshabadilisha, nifanyeje?" Pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Gari la kawaida lina bodi ya chuma, na umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi hiyo. Mengi ya haya yetu ya kuunga wenyewe yana bodi ya faibaglasi, isiyopitisha umeme hata kidogo. Kila taa inahitaji waya wa kurudi. Chasi, ile fremu ya chuma, nayo imepakwa rangi ya unga iliyookwa, na rangi hiyo ni kizuizi. Ukikaza bolti juu yake, kinachogusana ni nyuzi za bolti tu.

1. Chaji betri, iache itulie saa chache, pima. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu, irudishe kwenye chaji.

2. Safisha na kaza vichwa vya betri.

3. Washa injini, pima betrini. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Iache.

4. Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo kwenye ugonjwa. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri, ile risasi yenyewe, si kibano kilichoibana. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Zuia injini isiwake: kata umeme wa koili na chomoa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu ya mafuta. Mwenzako apige stata, mota ya kuwashia injini, wewe usome wakati inazunguka. Chini ya volti 0.2 ni safi. Ikifika 0.5, ethi ina kasoro. Usipime kwa omu (kipimo cha ukinzani): waya uliobakiwa na nyuzi chache utaonyesha karibu sifuri, lakini stata ikidai ampea mia na zaidi haupitishi.

Onyo: gia huru, breki ya mkono juu, nguo na nywele mbali na mkanda unaozungushwa na injini. Na usiache mita kwenye ampea ukagusa betri; utakuwa umeishoti betri kupitia mita.

Injini imekalia raba, kwa hiyo bila mkanda mzuri wa ethi kati yake na chasi, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya akselereta au ya klachi. Kebo inapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, akselereta inaanza kukwama. Mtu anabadilisha kebo, baada ya muda inakwama tena. Ukiona hivyo, angalia mkanda wa ethi kwanza.

5. Rudia kwa taa inayosumbua, ikiwa imewashwa: nyeusi betrini, nyekundu kwenye ethi ya taa.

6. Kiungo kibovu kifungue, kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka wasa ya meno, kaza, kisha ndipo upake grisi juu.

Maswali

Swali: Sijasoma yote. Ninunue betri au alteneta?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 3. Leta namba.

Swali: Mita yangu inasoma omu sifuri, kwa hiyo ethi yangu nzima.

Jibu: Nimeandika kwa nini omu haitoshi. Pima stata ikizunguka, halafu tubishane.

Swali: Fyuzi ya ampea 10 ilikuwa inakatika, nimeweka ya 30, imetulia. Sawa?

Jibu: Itoe leo. Fyuzi inalinda waya. Sasa waya ndio utakaoungua, na faibaglasi inashika moto. Tafuta ulipokwaruzwa, hasa kwenye tundu la chuma lisilo na raba.

Swali: Mkuu, injini imesoma 0.1, lakini nikiwasha indiketa ya kushoto taa ya breki upande huohuo inapepesa kwa mbali. Kwa nini, wakati kila moja ina waya wake?

Jibu: Umeangalia vizuri. Waya wa kuleta umeme kila moja ina wake, ila ethi wanachangia. Ikiwa mbovu, umeme wa indiketa hukosa pa kurudi, unapenya kinyumenyume kwenye filamenti ya breki na kwenda kutafuta ethi kupitia taa ya upande wa pili. Vuta waya mrefu kutoka hasi ya betri hadi ethi ya taa hiyo. Ikitulia, umeshapata.

Swali: Geji yangu ya joto inapanda hata taa zikiwa zimezimwa.

Jibu: Basi anza na hewa iliyonasa kwenye maji ya kupoza injini. Haya magari ni ya chini, redieta hukaa chini ya kichwa cha injini, hewa inanasa kwenye mabomba ya juu. Injini ikiwa baridi kabisa, inua gari hadi mdomo wa kujazia uwe juu kuliko yote, fungua hita, jaza polepole huku ukiminya mabomba.

Swali: Nimeweka indiketa za LED, haziwaki na kuzima, zinabaki zimewaka tu.

Jibu: Rilei ya zamani hutegemea joto la umeme mwingi, na LED zinakula kidogo. Weka rilei ya kielektroniki, nayo ina waya wa ethi. Usiukazie kwenye faibaglasi.