Bahasha saba za Jumamosi

Mume wangu ni fundi ujenzi. Mimi nashona nguo kwa cherehani moja, barazani kwetu Pasua, hapa Moshi. Pesa yetu haina tarehe. Yeye hulipwa Jumamosi mchana saiti ikifunga, mimi hulipwa mteja akija kuchukua gauni lake. Wiki nzuri tunashika shilingi 140,000. Masika ikikolea na saiti zikasimama, tunaweza kushika nusu ya hiyo.

Nilijaribu bajeti ya mwezi mara tatu na mara zote ilinishinda. Mwezi ni wa mwenye mshahara. Aliye kama mimi apange kwa wiki, na apange kwa noti zenyewe, azishike na kuzihesabu. Ninaeleza tunavyofanya sisi, na hesabu zetu naziweka wazi ili upate pa kuanzia.

Jumamosi jioni watoto wakishakula, pesa yote inakuja mezani: ya mfukoni kwa baba, ya kwenye mkoba wangu, na ya kwenye simu. Ya simu ndiyo yenye hatari. Ikikaa huko inatoka kidogo kidogo, na kila ukienda kwa wakala kutoa elfu tano unakatwa. Tunatoa mara moja, yote inayohitajika kwa wiki, tunakatwa mara moja. Tunakaa wote wawili. Mke akipanga peke yake, mume ataona ananyimwa. Mume akipanga peke yake, bei ya nyanya haijui.

Kisha zinakuja bahasha, zile za kaki za dukani, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Wiki ya 140,000 zinagawanywa hivi. Kodi 20,000. Chakula 63,000. Umeme, gesi na maji 13,000. Shule 15,000. Nauli 9,000. Ugonjwa 10,000. Na bahasha ya saba, niliyoiandika WATU, 10,000.

Kodi inaanza kwa sababu mwenye nyumba wetu anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Vyumba vyetu viwili ni 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo 240,000 inatakiwa ifike nzima. Ukiweka 20,000 kila wiki, wiki kumi na mbili zinatosha, na miezi mitatu ina wiki kumi na tatu. Ile wiki moja inayobaki imetuokoa zaidi ya mara moja.

Chakula ndicho kinachokula nyumba, kwa hiyo hapo nakaa kwa muda. Sitoi 63,000 nzima kwenda nayo sokoni. Naigawa siku saba, 9,000 kila siku, na kila siku naifunga kwa mpira wake: kifaru mmoja, simba mmoja na Nyerere wawili, yaani elfu tano, elfu mbili na elfu moja mbili. Watoto wangu wamejifunza hesabu kwa picha hizo za noti. Tembo, yaani elfu kumi, hakai kwenye bahasha ya chakula hata siku moja. Ukiingia dukani na tembo kununua chumvi, utatoka na biskuti, soda na vocha, na chenji iliyobaki hutaikumbuka. Kupata noti ndogo si kazi: makonda wa daladala jioni wanazo nyingi za elfu moja, na wengi wanafurahi kukubadilishia.

Asubuhi natoa fungu la siku hiyo tu. Likiisha, limeisha. Likibaki, hata mia mbili, linaingia kwenye kibubu cha mbao alichonichongea shemeji yangu seremala. Sarafu za mia tano zenye nyati sizitumii kabisa, zote ni za kibubu. Tunakivunja wiki ya kwanza ya Januari, maana shule ya msingi ya serikali haina ada lakini sare, viatu na madaftari havijawahi kuwa bure.

Lipo jambo moja la chakula ambalo bahasha ndiyo ilinifumbua macho. Zamani nilinunua kila kitu kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, cha kupima: mafuta ya mia tano, sukari robo, maharage nusu kilo, na siku nyingine naandikwa kwenye daftari. Nilidhani ninabana matumizi. Nilipoanza kuandika, nikaona maharage ya nusu nusu yananigharimu zaidi ya sado nzima, lile kopo kubwa la kupimia, ya soko la Mbuyuni. Tatizo ni kwamba pesa ya sado haipatikani kwa siku moja. Basi nikaanza kupunguza elfu moja kwenye fungu la kila siku, na zikitimia nanunua kitu kimoja kwa wingi. Kwanza sado ya maharage, kisha mafuta lita tano, kisha mchele wa Mabogini. Baada ya muda nyumba ilikuwa na akiba ya kila kitu kikavu na daftari la Mangi lilikuwa limefungwa. Mahindi nanunua baada ya mavuno, Julai au Agosti, bei ikiwa chini, nakausha tena juani kabla ya kuyahifadhi, kisha napeleka mashineni kidogo kidogo.

Sasa bahasha ya WATU. Ukiishi Moshi unajua. Kuna msiba Kibosho, kuna ubatizo, kuna kipaimara, kuna kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa jirani, na Desemba kuna kwenda nyumbani. Hakuna mwongozo wa bajeti niliowahi kuona ulioweka nafasi ya haya, ndiyo maana bajeti za watu zinavunjika. Kuchangia si kupoteza. Mama yangu alipofariki watu hawa hawa ndio walionizikia. Kwa hiyo nimeyapa bahasha yake, na ina sheria mbili. Msiba unatangulia harusi. Na kadi ya harusi nikipewa, siahidi papo hapo. Nafungua bahasha, naangalia kilichomo, naahidi hicho na nakitoa. Ahadi ya elfu hamsini usiyokuwa nayo inakufanya ukimbie njia ya mwenzako.

Bahasha zikikopana, na zitakopana, andika. Nikitoa 5,000 ya shule kununua dawa, naweka kwenye bahasha ya shule kikaratasi: “Ugonjwa anadaiwa 5,000”. Jumamosi deni hilo linalipwa kabla ya kugawa kingine. Bahasha ya kodi haikopeshi mtu.

Wiki mbaya ikija, usipunguze kila bahasha kidogo kidogo. Sisi tukipata 70,000, kodi inapata 20,000 yake, chakula kinapata 42,000, yaani 6,000 kwa siku, na ile akiba kavu ndiyo inayobeba jikoni. Zinabaki 8,000 za umeme na nauli. Bahasha nyingine zinasubiri, na tunawaambia watoto wazi kwamba wiki hii ni ya maharage na mboga za majani.

Usiweke pesa nyingi ndani. Kuna mwizi, kuna panya, kuna moto. Pia niliwahi kucheza mchezo wa wanawake kumi, wa kupeana pesa kwa zamu, na kijumbe, yaani mkusanyaji, akahama na zamu yangu, na hadi leo sijaiona. Sasa akiba ya shule naiweka kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, ambako sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Bahasha ya kodi ikifika laki moja naipeleka benki.

Kama hujawahi kufanya haya, usianze na bahasha saba. Jumamosi hii chukua bahasha ya chakula peke yake, igawe siku saba, funga kwa mpira, uishi nayo hadi Ijumaa. Ukiona fungu linaisha saa nane mchana kila siku, usijilaumu. Kiwango ulichoweka ni kidogo. Ongeza elfu moja wiki ijayo, na uitoe kwenye kitu unachokijua wewe mwenyewe. Wiki ya tatu ongeza ya kodi, ya nne ya WATU.